Punda wa Mwanamke Mshunami

Damari alinipigia simu nikiwa uani napeta mchele. Alianza kwa kumsifu Bwana, kisha akaniambia baba yake hajambo kabisa, hana neno, mkono wa Mungu uko juu yake, ila tangu juma lililopita hakanyagi chini, na chumba chake kinanuka hata wageni hawamalizi chai. Nilimwelewa. Watu waliolelewa katika kanisa la baba yake hawawezi kumwita mtu mgonjwa. Ukitaka kujua wana nini, lazima usubiri wafike kwenye "ila". "Dada Ndinda," akasema, "njoo umwone. Sisi hatuwezi kumwambia kitu. Wewe labda..." Niliweka ungo chini, na sitajipamba hapa: kitu cha kwanza kilichopita moyoni mwangu kilikuwa furaha. Nilikuwa nimeingoja simu hiyo tangu nikiwa msichana wa kidato cha tatu.

Baba yake ni Mchungaji Elisha. Siku hizi watu humwita Askofu, lakini mimi nilimjua akiwa na kanisa la mabati huku juu ya Kombani, kwenye mashamba waliyogawiwa watu waliotoka bara. Tangu wakati huo nimefundisha Kiswahili Msambweni mpaka nikastaafu, nimezaa, nimezika mume, na miaka yote hiyo mzee huyu amekuwa akihubiri habari zangu. Hanitaji jina. Husema "binti mmoja niliyemlea nyumbani mwangu", halafu anasimulia jinsi binti huyo alivyomuua dada yake wa tumbo moja kwa kutamka neno na kukataa kulifuta. Mara ya mwisho nililetewa hadithi hiyo na mwanafunzi wangu mwenyewe, darasani, siku tuliyokuwa tukifanya nyakati za vitenzi. "Mwalimu, kuna mhubiri alikuja Ukunda akasema ulimi unaweza kuzika mtu. Ni kweli?" Nilimwambia akae na afungue kitabu. Chaki ilinivunjikia mkononi. Ndiyo maana nilipopanda gari kwenda Kombani sikwenda kumjulia hali mgonjwa. Nilikwenda kuchukua sentensi moja kutoka kinywani mwake, kwamba dada yangu Syombua alikuwa mgonjwa, na nilikuwa tayari kuichukua kwa njia yoyote.

Mwaka ule wa kidato cha tatu mimi na Syombua tulikuwa tukiishi kwa Mchungaji. Jinsi tulivyofika pale kutoka Kinango ni habari ndefu na haina kazi hapa. Syombua alikuwa mkubwa, amemaliza shule, anapikia nyumba nzima na kuongoza nyimbo kanisani. Mimi nilikuwa bado nasoma. Chumba chetu kilikuwa kati ya jiko na sebule. Upande wa jiko tulipata moshi, na upande wa sebule tulipata maneno, kwa sababu ukuta wenyewe ulikuwa wa plaiwudi na haukufika juu. Sebuleni kulikuwa na viti vilivyovishwa vitambaa vyeupe vya kufumwa, na ukutani kitambaa kingine kilichodariziwa kwa uzi mwekundu lile andiko la Mithali linaloweka mauti na uzima mikononi mwa ulimi. Chakula kililiwa chini ya kitambaa hicho. Syombua alikuwa amejifunza kutia tui la nazi kwenye muthokoi, akiyaacha mahindi na maharagwe yaive polepole mpaka tui likamatane. Mara ya kwanza Mchungaji kuuonja, alifumba macho akasema, "Watu wangu, muthokoi huu umeokoka." Tulicheka sana. Nalikumbuka cheko hilo kwa sababu lilikuwa la kweli, na kwa sababu linanikera kuwa nililicheka.

Neno lililotawala nyumba ile lilikuwa "futa". Ukisema umechoka, meza nzima ilikugeukia: "Futa!" Nawe unajibu, "Nafuta," kisha unatamka kinyume chake. Ukisema mahindi yatakauka mwaka huu, futa. Damari, akiwa mdogo kwangu kidogo, aliwahi kuingia mbio akilia anakufa kwa njaa, akazuiwa sahani mpaka akafuta na kutangaza kwamba ameshiba. Alitangaza huku anaitazama sufuria. Mafundisho ya Mchungaji yalikuwa mepesi kushika: kilichoujaza moyo hutoka kinywani, na kilichotoka kinywani huwa. Basi linda kinywa. Usiseme "nitapona", sema "nimepona". Na andiko alilolipenda kuliko yote lilikuwa lile la mwanamke Mshunami, aliyefiwa na mtoto mapajani, akamlaza juu ya kitanda cha nabii, akaenda kumtafuta nabii huyo. Njiani akaulizwa kama mtoto hajambo, akajibu hajambo. Nabii mwenyewe aliitwa Elisha, na Mchungaji hakutuacha tusahau hilo. "Maiti iko kitandani," alikuwa akinguruma Jumapili, "na mama anasema nini?" Kanisa zima: "Hajambo!" "Na mtoto akafanya nini?" "Akafufuka!" Mabati yalitetemeka, na mimi nilipaza sauti pamoja na wenzangu.

Nisije nikawa mwongo kwa sababu ya hasira. Jambo lile lilikuwa na nguvu. Nilimwona mke wake, Mama Damari, akiinuka na homa iliyokuwa ikimtoa jasho, akasema ni mzima, akafagia uwanja wote. Mimi mwenyewe kichwa kiliponigonga nilisema sina neno, nacho kikasogea pembeni kidogo kama mtu anayempisha mwenzake njiani. Ukikatazwa kulisema jambo kwa muda mrefu, unaanza kutolisikia. Mwili unabaki unapiga kelele peke yake, nawe mwenyewe hupo. Niliendelea kuwa hivyo hata baada ya kutoka pale. Chuoni nilianguka na malaria bwenini, mlezi wetu alikuwa ameniuliza asubuhi ile ile nikamjibu sijambo, na nilikuwa nimeamini jibu langu.

Mtu wa kwanza kunionyesha kuwa iko njia nyingine ya kusema alikuwa Bi Mwanasiti, aliyetuuzia nazi, mwenye nyumba ya makuti upande wa Waa. Kwake tulikuta daima kitu chini ya kawa, mihogo ya nazi au samaki wa kupaka, na hakutuachia tuondoke bila kula. Siku moja tulimkuta mkekani amenyoosha mguu.

"Shikamoo, Bi Mwanasiti."

"Marahaba, wanangu. Hamjambo?"

"Hatujambo. U mzima, bibi?"

"Mzima, alhamdulillahi. Goti hili ndilo lisilonipa usingizi."

Syombua akashtuka. Nilimwona akizuia mdomo usiseme futa. "Bibi," akauliza, "mbona umesema mzima, kisha unasema goti?"

Bi Mwanasiti alicheka mpaka akajishika ubavu. "We mwana we! Hiyo ya kwanza nimemwambia Mngu. Hii ya goti nakwambia wewe, ili unisugulie mafuta. Ayubu alikuwa nabii, na alimwambia Mola wake kuwa dhara limempata. Sasa mimi mwenye goti hili ni nani hata nijifanye sina neno?" Syombua akamsugua mafuta ya nazi, taratibu. Tulipokuwa tukirudi aliniambia Ayubu yumo pia katika Biblia yetu na amelalamika kurasa nzima, na kwamba hajawahi kumsikia Mchungaji akizisoma. Halafu akajiambia mwenyewe, "Nafuta."

Maumivu yalimwanza baada ya mvua kubwa. Kwanza yalikuwa kitovuni, kisha yakahamia chini upande wa kulia, akawa anapika amejikunja, mkono mmoja kwenye mwiko na mwingine tumboni. Alitapika nyuma ya jiko akafukia kwa jivu. Nilipomuuliza kama anaumwa, alinijibu, "Nimepona," na midomo yake ilikuwa haina damu. Jioni hiyo hiyo, kupitia plaiwudi, nikamsikia Mama Damari akimwambia mumewe kwa sauti ya chini, "Kwani tukimpeleka tu akaangaliwe, Baba Damari?"

"Mama Damari, futa."

Nilisikia kijiko kikizunguka katika kikombe. "Nafuta," akasema. Sauti hiyo ya mtu mzima akilimeza wazo lake jema ninaisikia mpaka leo, na hata yeye, pamoja na kuwa amekufa na alinipenda, sijamsamehe vizuri.

Kesho yake tukiwa mezani, Syombua akaleta chakula na kushindwa kukiweka chini. Mimi nikasimama. "Dada anaumwa," nikasema. "Mpelekeni hospitali Msambweni. Gari liko uani." Pikapu ya kanisa ilikuwa pale nje, imeoshwa, naiona kupitia mlangoni. Meza ikaitika kwa pamoja: "Futa!" Hata Syombua. Mchungaji hakuwa mtu wa kufoka. Aliweka kijiko, akanitazama kwa upole ulioniudhi kuliko kofi. "Ndinda, mwanangu, futa neno hilo kabla halijashika." Nikasema sifuti. Akasema, "Utakuja kulilia." Kuanzia hapo nilikula chakula changu jikoni, kwenye kigoda, kwa sababu mtu mwenye neno lisilofutwa hakuruhusiwa mezani.

Jumapili maumivu yakaisha. Hili lazima nilieleze sawasawa, maana ndilo lililompa Mchungaji hadithi yake. Asubuhi ile Syombua aliamka amenyooka, akaniambia kwa mshangao kwamba hasikii kitu, tumbo limetulia. Kanisani akasimama mbele ya watu akashuhudia. Hakudanganya. Uso wake ulikuwa uking'aa, aliimba ubeti mzima, na watu wakaruka, na Mchungaji akalia machozi ya kweli, kwa maana aliamini. Ningetamani sana angekuwa tapeli. Tapeli ningemmaliza zamani. Hata mimi siku ile niliona haya, nikawaza labda nilikuwa na moyo mbaya, nikakaribia kufuta.

Kabla juma halijafika katikati tumbo lake likawa gumu kama ubao. Alilala kando ya ukuta, akaushika mkono wangu. "Naumwa, Ndinda," akasema. "Usiniambie nifute." Nilikwenda mbio kwa Mchungaji, nikamkuta sebuleni kapiga magoti, akanijibu bila kufumbua macho kwamba mtoto amekwisha kupona, na kwamba nikimtia ndani ya gari nitakuwa namwambia Mungu ni mwongo. Nikakimbilia kwa Bi Mwanasiti. Jirani yake alikuwa na mkokoteni wa punda wa kuchotea maji. Wakamwaga mitungi, wakatandika jamvi, tukampakia Syombua. Tulipita kando ya pikapu ile. Bi Mwanasiti alitembea nyuma na goti lake lile lile, akimpepea kwa ukingo wa leso, akimwambia, "Sema, mwanangu, sema panapouma." Alisema njia nzima. Alikufa hatujaifikia barabara ya lami.

Kaburini Mchungaji alisimama akasema, "Huyu alikuwa amepona. Mlimwona kwa macho yenu Jumapili. Lakini ndani ya nyumba yangu kuna ulimi." Watu waligeuka kunitazama, mmoja mmoja, na wale waliokuwa karibu nami wakasogea. Nilikuwa na miaka kumi na sita na nilikuwa nimefiwa na dada, na nilisimama peke yangu kwenye udongo mpya nikijiuliza kama kweli nilimuua. Nilijiuliza kwa miaka. Mtu akikuwekea neno la namna hiyo wakati huna mzazi karibu, linaota mizizi, unaanza kusema nalo na kuota nalo na kuchagua mume nalo. Hilo ndilo ninalomdai yule mzee, na sijui kama lina malipo.

Kabla ya mwaka kwisha niliifungua sura ile ya Mshunami mwenyewe, nikiitafuta hukumu yangu. Nikakuta punda. Kabla mama yule hajasema hajambo kwa mtu yeyote, alikuwa ameomba punda, akamtandika, akamwamuru kijana aendeshe wala asimpunguzie mwendo. "Hajambo" alilisema akiwa safarini, kwa watu ambao hawakuwa na msaada. Alipofika kwa yule wa kumsaidia alimshika miguu akatoa uchungu wake wote, na mtumishi alipotaka kumsukuma, nabii alimkataza, akasema nafsi ya mama huyu ina uchungu. Mistari hiyo Mchungaji alikuwa akiiruka kila Jumapili. Miaka mingi baadaye, daktari mmoja aliyekuwa mzazi shuleni kwetu aliniambia la pili: kidole tumbo kinapopasuka, maumivu hutulia kwa muda, mgonjwa akadhani amepona. Nilimshukuru, nikaenda chooni kwa walimu, nikapiga ukuta ngumi mpaka vidole vikavimba.

Basi nilikuwa na mistari hiyo na maneno ya daktari nilipoingia chumbani kwake juzi. Nyumba sasa ni ya mawe na vigae, lakini kile kitambaa cha uzi mwekundu bado kipo, kimetiwa kioo. Damari alikuwa amepulizia manukato, na chini ya manukato kulikuwa na ile harufu. Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti kikubwa, mguu wa kushoto juu ya stuli umefunikwa shuka, wazee wa kanisa wawili pembeni yake.

"Shikamoo, Baba Mchungaji. Hujambo?"

"Marahaba, Ndinda. Sijambo. Mzima kama chuma."

"Na mguu?"

"Haujambo. Hauumi hata kidogo, Bwana ni shahidi."

"Amina," wakasema wazee.

Nilivuta kiti nikakaa miguuni pake. Nikamwambia nimekuja kumsomea sura ya Mshunami, wala sikufungua kitabu. Nilimsomea punda. Nilimsomea mama yule alivyoshika miguu ya Elisha, na nilipofika hapo nikaushika mguu wake juu ya shuka. "Yule mama alisema hajambo akiwa juu ya punda," nikamwambia. "Syombua ulimfundisha nusu ya kwanza, ukamnyima punda. Na wewe ulikuwa na gari." Nikamweleza habari za kidole tumbo, polepole, kama ninavyomweleza mwanafunzi mzito. "Jumapili ile tumbo halikumuuma kwa sababu lilikuwa limekwisha kupasuka. Na huu mguu wako hauumi kwa sababu unakufa."

"Futa!" wazee wakaruka pamoja.

Nikalifunua shuka. Mzee mmoja wa kanisa akaelekea dirishani. Vidole viwili vilikuwa vyeusi, na kisigino sitakieleza. Mchungaji alikuwa hajautazama mguu wake siku nyingi, hilo lilionekana usoni mwake. Aliutazama sasa kama mtu aliyeonyeshwa mguu wa mtu mwingine. Alikuwa mzee kuliko nilivyomtaka awe. Damari alikuwa mlangoni, analia bila sauti, funguo za gari mkononi.

"Ndinda," akasema. "Ninaumwa."

Nilikuwa nimelingoja neno hilo muda mrefu kuliko umri wa wanangu. Nilimtazama machoni. "Futa," nikamwambia.

Na alifuta. Ndivyo imani ilivyokuwa imemjaa. Alinong'ona, "Nafuta," kisha akasikia alichokisema, akanikazia macho, na macho hayo niliyajua, nilikuwa nimeyaona kwa Syombua katika chumba kile cha moshi. Damari akapiga kelele, "Baba!" Sikumhurumia yeye wala baba yake. Nilimwacha mzee akae na neno lile mpaka nikaridhika kwamba amelionja.

"Sasa sema la dada yangu," nikamwambia. "Gari litakuja baadaye."

"Alikuwa mgonjwa."

"Nani?"

"Syombua." Machozi yalikuwa yakimshuka, na mkono wake umeshika mkono wa kiti. "Syombua alikuwa mgonjwa. Na gari lilikuwa uani."

Hilo la gari sikumwomba. Nilisimama, nikaufunika mguu, nikageuka mlangoni.

"Damari, baba yako anaumwa," nikasema kwa sauti iliyofika sebuleni. "Washa gari."

Niliwatazama wale wazee mmoja baada ya mwingine, nikasubiri. Hakuna aliyeniambia nifute.